Aliyeshindwa Ndiye Aliyeandika Hukumu

Kwenye baraza letu la rufaa pale Shinyanga kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Mzee aliyeshindwa na wenzake katika mashauriano ndiye aliyetoa maneno ya hukumu. Si aliyeshinda, aliyeshindwa! Ukipinga na wenzako wawili wakakulemea, unakaa mbele ya karani na mashine yake ya taipu, unafungua mdomo wako mwenyewe na kuzitaja sababu za wale waliokushinda. Tena uzitaje vizuri, kana kwamba zimetoka tumboni mwako.

Nilipoteuliwa, miaka ya hamsini ikiwa bado mibichi, niliona jambo hili ni uchawi mtupu. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya misheni, na nimezoea kwamba mwenye chaki ndiye mwenye neno. Halafu mimi nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa jua la utosini na sijapoa tangu siku ile. Mara ya kwanza niliposhindwa nikaambiwa nitoe hukumu, nilisimama nikasema siwezi kulisifu gunia nililokataa kulibeba. Mwenyekiti wetu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kaa chini, mwalimu," akaniambia. "Aliyeshinda akiandika, anajisifu. Aliyeshindwa anajua panapouma, na ndipo atakapopafunga."

Tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa amekaa uanangwa, yaani ukuu wa kijiji, miaka mingi kabla ya kuletwa kwenye baraza. Hakujua kusoma, lakini ukimweleza kesi asubuhi, jioni anakurudishia na mahali ulipokohoa. Wa pili tulimwita Mzee wa Kahama. Alikuwa Msumbwa na Mwislamu, ujana wake wote ameumalizia kwenye minada ya ng'ombe, sauti ya chini, mkono laini, na kila jambo kwake lilikuwa na bei yake ya kupatana. Wa tatu ni mimi.

Hukumu zetu zilipanda kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, naye alikuwa na uwezo wa kuzipindua kwa mstari mmoja wa kalamu. Ndiyo maana Mwenyekiti hakutaka hata siku moja ionekane tumegawanyika. "Akiona ufa, ataingiza mkono," alikuwa akisema. Basi hukumu ilitoka kwa sauti moja, na kelele zetu tulizimalizia lamboni.

Lamboni, ndiyo. Hatukushauriana tumekaa. Mwenyekiti aliamini mtu akikaa kwenye kiti anaota mizizi na ukaidi wake. Tukishasikia pande zote mbili, tulichukua fimbo zetu tukatembea mpaka lambo la kunyweshea ng'ombe, nje kidogo ya mji, na kurudi. Watu wakituona wananong'ona, "Wazee wanaenda lamboni," na wanajua kwamba huko kuna mtu anakatiwa lake. Kesi nyepesi zilikwisha kabla hatujaona maji. Nzito tulizirudia kesho yake. Mimi nilipasua makubazi mengi kwenye njia ile kuliko katika maisha yangu yote ya ualimu.

Na nisisahau chakula. Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa jirani na baraza, na mchana alituletea chakula mke wake mdogo: ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando, na baadaye michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna na chai. Alikuwa mama mtulivu. Anapiga goti, anasema "Mwadila," tunaitikia, anatandika, anaondoka. Nyuma yake alikuja binti yake mdogo, wa miaka kama sita hivi, asiye na utulivu hata chembe. Huyo alikwenda moja kwa moja kwenye paja la Mwenyekiti na kumega tonge la kwanza kabla ya waheshimiwa. Alimwita baba. Mwenyekiti, ambaye wanangwa wenzake walimwogopa, aliufungua mdomo akalishwa mlenda na yule mtoto ukamchuruzika kidevuni.

Lakini watu wote walijua, na sisi tulijua, kwamba mtoto yule hakuwa wake wa kuzaa. Alikuwa wa marehemu mdogo wake. Yule mama alikuwa mjane wa mdogo wake, na Mwenyekiti alimrithi matanga yalipoondolewa. Siku zile hilo lilikuwa jambo la kawaida. Hakuna aliyelizungumza, kama vile huzungumzi kwamba paa liko juu.

Kisha ikaja kesi ya kigoda.

Mwenye rufaa alikuwa mjane kijana. Mume wake alikwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akashikwa na homa huko huko, akazikwa huko huko, na nyumbani ikarudi habari tu pamoja na shuka lake. Matanga yakakaliwa. Siku ya kuyaondoa, ndugu wa mume wakafanya desturi ya ukoo wao, na ya koo nyingine kadhaa za upande ule: wakachukua kigoda cha kaka wa marehemu wakakiingiza ndani ya nyumba ya mjane, wakakiweka karibu na kitanda. Maana yake ni kwamba kuanzia leo mwenye kigoda ndiye mwenye nyumba. Mjane asipotaka, akitoe nje. Akikiacha mpaka kuche, amekubali.

Yeye alikiacha mpaka kukacha. Asubuhi akamfunga mwanawe mgongoni akaenda zake kwa baba yake. Shemeji akashtaki, na baraza la chini likampa haki. Likasema kigoda kililala ndani, basi mwanamke ni mke wake. Arudi. Na kama hataki kurudi, basi mtoto arudi peke yake, maana ng'ombe za mahari zilitoka ukoo wa baba.

Alisimama mbele yetu na yule mtoto, wa kiume, hajang'oa hata jino la utoto. Mwenyekiti akamwuliza kwa nini hakukitoa kigoda.

"Baba," akasema, "nyumba ilikuwa imejaa wakwe zangu. Wanaume wamekaa mlangoni. Ningepita wapi na kigoda cha mwanaume mkononi? Wangesema nimemfukuza marehemu."

"Ungesema hapana kwa mdomo."

"Hakuna aliyeniuliza, baba."

Shemeji mtu hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alikuwa mfugaji wa kawaida, kofia mkononi, jasho usoni. Yeye alisema tu kwamba alifanya kama baba zake walivyofanya, na kwamba anamtaka mtoto wa ndugu yake asikulie kwa watu. Nilimtazama nikashindwa hata kumchukia. Hilo nalo liliniudhi.

Tukachukua fimbo zetu.

Hatujafika hata kwenye nyumba ya mwisho ya mji, Mwenyekiti akasema, "Kesi hii ni nyepesi. Asiyekitoa amekikubali."

"Nyepesi!" nikasema. "Mwenyekiti, kigoda kina mdomo? Mtu anafiwa, analia, anapenyezewa kiti cha mtu chumbani, halafu tunasema ameolewa! Ala!"

"Usinipigie kelele za darasani."

"Na wewe usiniletee za kijijini!"

Mzee wa Kahama akakohoa. Alikuwa na kikohozi cha kuamua ugomvi, alikitoa mnadani. "Nyie Wasukuma," akasema, "mnapigana juu ya kiti kana kwamba kwenu miti imekwisha. Huku kwetu Usumbwani mwanamke anaulizwa, anajibu, watu wanakula wali."

"Huko kwenu mnauliza kwa sababu mnajua mtakataliwa," akasema Mwenyekiti, na sote tukacheka, maana utani ni utani hata kwenye msiba. Lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Tulifika lamboni tukiwa tumegawanyika. Mimi nilikuwa na mjane. Mwenyekiti alikuwa na kigoda. Mzee wa Kahama alisimama katikati, anatazama ng'ombe wa watu wanavyokunywa, anawapima mafuta kwa macho. Nikajua anasubiri kusikia bei.

Nikazungumza sana siku ile. Nikasema, nikasema tena, na Mwenyekiti kila mara ananijibu neno lile lile moja, asiyekitoa amekikubali, asiyekitoa amekikubali. Mtu niliyemzoea kwa kupekua jambo mpaka mfupa, leo ameng'ang'ania ganda! Hasira ikanipanda. Neno likanitoka kabla sijalishika.

"Mwenyekiti, wewe hapo huamui kesi ya yule mama. Unaamua kesi ya nyumba yako!"

Loo. Mzee wa Kahama akageuka akatazama upande mwingine kabisa. Mwenyekiti akachomeka fimbo yake kwenye tope, akaiegemea kwa mikono miwili. Nilidhani atanipiga nayo, na ningestahili.

"Ndiyo," akasema. "Kigoda changu kiliingia vile vile. Kwenye nyumba ya mdogo wangu, wamejaa watu vile vile, na mjane wake hakukitoa. Sikumwuliza. Sikujua kama kuna kitu cha kuuliza. Sasa nyinyi mnataka tuandike kwamba kile si kitu. Mkishaandika, karani atasoma kwa sauti mbele ya watu, na yeye atasikia, maana huja na chakula. Atamchukua yule mtoto aende kwao Didia, na sitakuwa na neno. Nitakuwa nimelitoa mwenyewe."  "Mimi nampenda yule mtoto kuliko niliowazaa. Mungu anisamehe, lakini ndivyo."

Nikainama nikajifanya natoa mchanga kwenye kubazi.

Mzee wa Kahama akasema polepole, "Mganga hajigangi. Unaweza kujitoa kwenye kesi hii, sisi tukaimaliza."

"Nikijitoa watauliza kwa nini, na jibu litafika nyumbani kwangu kabla yangu. Yaya, hapana. Tutaimaliza watatu."

Tukarudi bila kuamua. Njia nzima tulisalimiana na watu tu.

Kesho yake tukaenda tena, na siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba kuandika hukumu ni biashara kama ya ng'ombe, ila ng'ombe wenyewe ni maneno. Mzee wa Kahama alifungua mnada. Akaniambia yuko tayari kuwa na mimi juu ya kigoda, lakini ana masharti yake.

"Kwanza, lile neno lako kwamba baraza la chini halikutumia akili, litoke."

"Lakini halikutumia!"

"Halikutumia, na Mtemi aliyekaa pale ana shangazi yake ameolewa kwetu. Litoke. Useme tu hawakuuliza."

Nikalitoa. Liliniuma, lilikuwa neno zuri.

"Pili, mtoto. Wewe unataka akae na mama yake mpaka awe mtu mzima. Hapo sikufuati. Mahari ilitolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba, na tukilivunja hilo hakuna mtu mkoa huu atakayetusikiliza tena. Akae na mama mpaka afikie umri wa kuchunga ng'ombe. Baada ya hapo ukoo umchukue, na mama awe na ruhusa ya kumwona."

Nikabisha. Nikabisha mpaka mate yakanikauka. Nikasema mtoto si ndama, haachishwi mara mbili. Akasema kama nataka kura yake, bei ni hiyo, na asiyeitaka aende akatafute ng'ombe mwingine. Nikamtazama Mwenyekiti nikidhani atafurahia kuniona nabanwa. Alikuwa anatembea mbele yetu, kichwa chini, na bila kugeuka akasema, "Ongezeni kwamba ukoo ukimchukua, shemeji ndiye atakayempeleka mtoto kwa mama yake, si mama aje kuomba mlangoni. Njia iwe ya mwanaume."

Mtu anakata shingo yake mwenyewe, na bado anauelekeza upanga ukate vizuri! Hapo nilimheshimu mpaka nikaona haya.

Tukakubaliana hivyo, wawili kwa mmoja. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeshindwa, kanuni ilikuwa ile ile, tena kanuni ni yake.

Tukakaa kwenye chumba cha karani. Mwenyekiti akaanza kutoa maneno, karani akaanza kugonga. "Baraza linaona kwamba huenda, kwa jinsi mambo yalivyokuwa, kigoda peke yake pengine hakikutosha..."

Nikavumilia "huenda". Ilipofika "pengine" nikashindwa. "Mwenyekiti, hii ni hukumu au unaomba radhi? Kila neno linatambaa! Bwana Shauri atalipuliza kwa mdomo lianguke, na yule mama atarudishwa!"

Mzee wa Kahama akanibana paja chini ya meza, kwa nguvu. Karani akaacha vidole hewani.  Mwenyekiti alikuwa anatazama mlangoni, kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imefika na mke wake alikuwa anaingia na chungu kichwani, na yule binti yuko mbele anaruka mguu mmoja. Mama akapiga goti, akasalimia, akatandika, akanawisha. Mtoto akapanda pajani. Mwenyekiti akamtazama yule mama muda mrefu kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Mama akaona anatazamwa, akainamisha macho, akaondoka. Mtoto akabaki, amejaza michembe shavuni.

"Karani," akasema Mwenyekiti, "toa karatasi hiyo. Weka nyingine."

Na hapo, mtoto yuko pajani, akatoa hukumu yote kwa mkupuo mmoja. Nimesahau mengi maishani mwangu, lakini ile naikumbuka.

"Kigoda hakisemi," akasema. "Mwenye kusema ni mjane, na mjane huyu hakuulizwa. Watu walimwona amenyamaza, wakasema amekubali, kwa kuwa jibu hilo ndilo walilolitaka. Kunyamaza kwa mtu aliyefiwa ni kilio, si ndoa. Desturi ya kigoda hatuifuti. Lakini kabla kigoda hakijaingia, mwenye nacho aende kwa mjane, mbele ya watu wa kwao na watu wa mumewe, amwulize kwa mdomo wake: unanitaka au hunitaki? Akisema sikutaki, aondoke na kigoda chake bila kinyongo, na asimwite mkosaji. Ambaye hakuuliza siku ile, hana mke, ana mgeni."

Kisha akaeleza habari ya mtoto kama tulivyopatana lamboni, mpaka ile njia ya mwanaume. Karani akamaliza kugonga, akatoa karatasi. Mzee wa Kahama akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akasingizia vumbi. Mimi sikusingizia kitu. Nililia waziwazi, mwalimu mzima.

Mwenyekiti akashika kalamu, akachora ile alama yake. "Kinyozi hajinyoi, wanasema," akaniambia. "Haya, mwalimu. Angalia kama nimejikata."

Hukumu ilisomwa asubuhi ya pili. Baraza lilijaa, maana habari ya kigoda ilikuwa imekwisha kufika minadani. Yule mjane kijana alisikiliza huku amemshika mtoto bega. Ilipokwisha hakupiga vigelegele. Alikaa chini pale pale sakafuni, wanawake wakamzunguka. Shemeji yake akasimama akauliza, kwa adabu kabisa, "Wazee, sasa nikimwuliza akasema hanitaki, nifanye nini?"

"Unakwenda nyumbani," akasema Mwenyekiti.

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo, akavaa kofia. Hakupeleka kesi juu. Baadaye nilisikia alikuwa akimpelekea mtoto maziwa kwa babu yake.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa nyuma ya baraza. Mke wa Mwenyekiti alikuwa amekuja mapema siku ile. Alisimama kwenye nguzo na vyombo vyake, na alisikia kila neno.

Mchana alitandika kama kawaida. Alipotaka kuinuka, Mwenyekiti akasema, "Mayu, mama, ngoja." Akamtoa mtoto pajani, akamweka chini.  "Siku ile sikukuuliza. Nakuuliza leo, mbele ya hawa wazee, na ukitaka nitawaita na watu wa kwenu. Unakaa kwangu, au unataka kwenda kwenu?"

Mama akabaki amepiga goti. Alikaa vile mpaka mimi nikaanza kutapatapa. Jibu basi! Nilikuwa karibu kulisema, Mzee wa Kahama akanibana paja tena.

"Gashi, kumbe hilo ni swali langu," akasema mwishoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Nimelingoja muda mrefu. Sitalijibu nikiwa na vyombo mkononi. Niacheni nilale nalo."

Asubuhi Mwenyekiti alikuja barazani akiwa amebeba kigoda chake. Alikikuta nje ya mlango wa nyumba ya mke wake mdogo, kimeoshwa na kupakwa siagi. Akakiweka kwenye kona ya chumba cha karani, na pale ndipo kilipobaki. Siku ile ile lori la kuchukua pamba lilikuwa linaelekea Didia. Alikwenda mwenyewe kupakia mizigo yao, sisi wawili tukamfuata, maana hatukutaka abaki peke yake pale barabarani. Mtoto hakuelewa. Alidhani wanakwenda kutembea, akampungia mkono, "Baba, kesho!" Mwenyekiti akamjibu, "Kesho." Lori lilipopotea akakaa juu ya jiwe akalia, mzee yule, bila kujificha. Watu walipita wakisema shikamoo naye anaitikia marahaba huku machozi yanamtoka.

Mji ukasema sana. Wengine wakasema mwalimu yule ndiye aliyemponza. Wanangwa wenzake walimcheka usoni: amejihukumu mwenyewe, wapi umeona! Alipoulizwa alijibu kwamba sheria ni msumeno, na kwamba msumeno usiokukata wewe hujui kama una meno. Tuliendelea kwenda lamboni. Kesi za mahari, za mipaka, za watu wa mgodi wa Mwadui waliogombana mishahara ikiingia. Chakula tulianza kuletewa na mke mkubwa, kizuri tu, lakini paja la Mwenyekiti lilikuwa tupu, naye alikuwa akilikung'uta kila akikaa kula.

Baada ya miaka kadhaa, nikiwa ningali barazani, akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa wa kulala tu. Mimi na Mzee wa Kahama tulikuwa tukimtembelea kila jioni kabla ya jua kuzama, tunampa habari za kesi, naye anatuambia tulipokosea. Siku moja tuko pale, mlangoni kikaingia kivuli. Alikuwa yule mama wa Didia, kitenge kimejaa vumbi, na furushi la michembe kichwani. Nyuma yake alisimama msichana mrefu ambaye sikumtambua mpaka alipomkimbilia mgonjwa.

Ndugu waliokuwa ndani wakatazamana. Mmoja wa dada zake Mwenyekiti, mwenye ulimi, akauliza, "Umeletwa na nani?"

"Nimejileta," akasema mama.

"Kufanya nini?"

"Kumwuguza."

Mwenyekiti alikuwa amemshika msichana mkono kwa mikono yake miwili. Akageuza kichwa kwa shida. "Mayu," akasema, "mimi sina cha kukuuliza sasa. Naumwa."

"Huulizi mtu leo," akasema mama. "Leo najibu tu."

Akaweka furushi chini. Hakuna kiti kilichokuwa tupu chumbani mle, tulikuwa tumejaa. Akaniuliza kile kigoda kiko wapi. Nikamwambia kiko barazani, kwenye kona ya karani, na nikataka kumtuma mtu. Akakataa. Akatoka mwenyewe, tukamwona dirishani anavuka ua mpaka barazani, na anarudi nacho mkononi. Akawapita ndugu wote waliokaa mlangoni, akakiweka karibu na kitanda, akakaa.